Dari Ndilo Linalochagua Lifti

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimeinama vya kutosha. Nimelala chali juu ya kipande cha katoni, tochi mdomoni, oili ikinidondokea shingoni, gari likiwa juu ya stendi nne na mgongo ukinikumbusha umri wangu kila ninapojigeuza kutafuta spana iliyoteleza. Aliyepitia hayo hahitaji kushawishiwa kwamba lifti ya gari ni kitu kizuri. Anachohitaji ni mtu wa kumshika mkono asiikimbilie kabla hajapima dari.

Wengi wetu huanza kinyume. Tunafungua katalogi, tunaona lifti ya tani 4 yenye uwezo wa kuinua hadi mita 1.9, tunaipenda, halafu ndipo tunajiuliza kama itaingia. Tatizo ni kwamba namba ya katalogi inasema mikono ya lifti itafika wapi. Paa la gari lako litafika wapi haisemi, na haiwezi kusema, kwa kuwa mtengenezaji halijui gari lako, halijui dari lako, wala hakujui wewe una urefu gani.

Hesabu ya kusimama wima

Chukua lifti ya nguzo mbili, ile inayoonekana kwenye gereji nyingi: nguzo moja kila upande, mikono minne inayoingia chini ya gari na kulibeba kwenye sehemu zake za jeki, magurudumu yakining'inia. Kwa kuwa gari linabebwa kwa chini ya bodi, kimo chake chote hakiingii kwenye hesabu. Kinachoingia ni kile kilicho juu ya sehemu ya jeki.

Sedani ya kawaida, tuseme Toyota Corolla, ina kimo cha karibu mita 1.45. Sehemu yake ya jeki iko kama sentimita 20 kutoka ardhini. Toa hizo 20, zinabaki mita 1.25. Huo ndio mzigo wa kimo utakaokaa juu ya mikono ya lifti popote itakapofika. Sasa wewe una urefu wa mita 1.75 na unataka kusimama chini ya gari bila kukunja shingo, basi mikono iende mita 1.80. Jumlisha na 1.25, paa la gari liko mita 3.05. Acha nafasi ya sentimita 10 kati ya paa na dari, kwa sababu lifti hupanda kidogo kupita kufuli, kile chuma kinachoishikilia isishuke, kabla ya kushuka na kukaa juu yake. Unahitaji mita 3.15.

Rudia hesabu hiyo kwa gari la juu. Prado ina kimo cha mita 1.85 na ushee, na chasisi yake tuiweke sentimita 30 kutoka chini. Juu ya mikono inabaki mita 1.55 au zaidi. Kwa urefu uleule wa mtu, unataka dari la karibu mita 3.5. Ukifunga keria juu yake, ongeza kimo cha keria. Gari la abiria lenye paa la juu, la mita 2.2 na zaidi, linataka karibu mita 4, na hapo tumeshatoka kwenye gereji za nyumbani tumeingia kwenye maghala.

Hesabu hii ina faida yake kubwa zaidi ukiigeuza. Badala ya kuuliza dari liwe na kimo gani, uliza dari ulilonalo linakupa nini. Dari la mita 2.7, toa sentimita 10 za usalama, toa mita 1.25 za Corolla: chini ya gari unapata mita 1.35. Kusimama hapo haiwezekani. Lakini kaa kwenye kigoda chenye magurudumu, kile cha sentimita 35 hivi, na mtu wa kimo cha wastani utosi wake utakuwa kwenye mita 1.25 au 1.30. Unaenea. Tena unaenea vizuri, mikono ikiwa mbele ya uso badala ya juu ya kichwa, na mwenye kubadilisha breki, shokapu na bushi atakwambia kwamba kazi nyingi za gari ziko kwenye usawa wa magurudumu, si katikati ya uvungu. Naona watu wanakata tamaa mapema mno kwa sababu ya dari la mita 2.7. Wanafikiri lifti isiyokuruhusu kusimama haina maana. Mimi ningechagua kukaa kwenye kigoda siku yoyote kuliko kulala kwenye katoni.

Kwa dari la mita 2.4 unabaki na mita 1.05. Hapo kigoda kinaanza kukataa, ila breki na matairi bado ni raha.

Dari siyo silingibodi

Nimekuwa nikisema "dari" kana kwamba ni kitu kimoja. Chukua tepu uende ukapime, utagundua gereji yako ina madari manne au matano. Kuna silingibodi yenyewe. Kuna taa inayoning'inia sentimita 15 chini yake. Kuna boriti inayopita katikati. Na kama mlango wako ni wa vipande unaopanda na kulala juu, kuna reli zake, mota yake, na mlango wenyewe ukiwa wazi. Dari la kweli ni kile kitu cha chini kuliko vyote kilichopo juu ya mahali gari litakapokuwa, na unakipima mlango ukiwa wazi, siyo umefungwa. Wengi hupima usiku wametulia, mlango umefungwa, nafasi ni tele. Kesho yake wanaufungua na unalala palepale paa la gari lilipotarajiwa kwenda.

Mlango wa namna hiyo una dawa. Reli zinaweza kufungwa upya ili mlango upande wima ukutani kwanza, ukaribie dari ndipo ulale. Mota ya katikati inaweza kuondolewa na kuwekwa ile ya pembeni, inayozungusha mhimili wa springi ikiwa ukutani. Kazi hiyo ina springi zilizokazwa kwa nguvu za kuvunja mkono, kwa hiyo mwachie fundi wa milango. Lakini matokeo yake ni kwamba sentimita 30 au 40 zinarudi mikononi mwako bila kugusa paa la nyumba.

Kuligusa paa ni habari nyingine. Ukiondoa silingibodi unakuta kenchi, na ile mbao ya chini ya kenchi, inayopita mlalo kutoka ukuta hadi ukuta, inaonekana kama imewekwa pale kushikilia silingibodi tu. Ukweli ni kwamba inafanya kazi ya kamba. Uzito wa paa unasukuma miguu ya kenchi itanuke kwenda nje, na mbao hiyo inaizuia. Ikate upate nafasi ya gari na umekata kamba hiyo. Paa litaanza kukaa, kuta zitaanza kusogea, na huenda usione chochote kwa mwaka mzima. Kama kuna kenchi zinazokuzuia, mwite mhandisi achore zitakazochukua nafasi yake. Njia ya bei nafuu zaidi ni kuhamisha lifti ikae chini ya sehemu ya paa iliyo juu zaidi, kama paa lako halina silingi.

Anayejenga upya ana bahati ambayo sisi wengine hatukuipata. Kozi tatu za matofali yenye kimo cha sentimita 20 zinampa sentimita 60 na zaidi, na hakuna pesa ya ujenzi wa gereji itakayofanya kazi nzuri kuliko hiyo. Ningemwambia aache mita 3.7 hadi 4 za wazi, hata kama leo ana gari dogo. Magari hubadilishwa, kuta hazibadilishwi.

Nguzo zenyewe zina kimo chao

Hadi hapa tumezungumzia gari. Lifti nayo ni kitu kirefu, na mara nyingine ndiyo inayogota darini kabla gari halijapanda hata kidogo.

Lifti za nguzo mbili ziko za aina mbili. Ya kwanza ina boriti inayounganisha nguzo kwa juu, na ndani ya boriti hiyo hupita mipira ya haidroliki na kebo za kuifanya mikono ya pande zote mbili ipande sawasawa. Sakafu inabaki wazi kabisa, unasukuma jeki ya giaboksi huku na huku bila kikwazo. Kimo chake huwa karibu mita 3.5 hadi 3.7. Ya pili haina boriti ya juu. Mipira na kebo hupita chini, kwenye bati lililolala sakafuni kati ya nguzo. Nguzo zake ni za mita 2.8 au 2.9 hivi. Bati hilo ni kero. Kila kitu chenye magurudumu kinagonga pale, na mguu pia. Lakini kwa mwenye dari la mita 3 ndiyo lifti aliyo nayo, na kero ya sentimita tatu sakafuni inavumilika.

Kuna tofauti moja ambayo wauzaji hawaitaji sana. Ile ya boriti ya juu kwa kawaida ina fimbo iliyofungwa mpira chini ya boriti. Paa la gari likiigusa, mota inazimika. Ile ya bati la chini haina mahali pa kuifunga fimbo hiyo, kwa hiyo hakuna kinachomzuia mtu kulisukuma gari hadi ndani ya silingi. Na aina hii ndiyo inayofungwa kwenye gereji zenye dari la chini. Yaani kinga imekosekana palepale inapohitajika.

Rafiki yangu mmoja aliigundua hali hiyo kwa uchungu. Gari lilikuwa la milango mitano, dogo, na alikuwa ametoa vitu kwenye buti akaliacha wazi. Gari lililofungwa buti lina kimo cha mita 1.5, buti likiwa wazi, ncha ya mlango inapita mita 2. Akabonyeza swichi huku akiangalia mikono ya mbele kama imekaa sawa. Akasikia mlio, akadhani ni lifti inalalamika, akaendelea kubonyeza. Kioo cha nyuma kilimwagika sakafuni kama chumvi. Siku hizi amefunga kihisi cha mwanga darini, mshale wa mwanga unaokatiza gereji upande hadi upande. Kitu kikiukata, mota inakatika umeme. Ni kifaa kidogo, na ningeshauri kila mwenye lifti isiyo na fimbo amtafute fundi wa umeme amfungie.

Kisha kuna lifti ya nguzo nne. Hii gari linapanda kwa magurudumu yake juu ya majukwaa mawili marefu, kama reli, na majukwaa ndiyo yanayoinuliwa. Watu wa nyumbani huipenda kwa sababu moja kubwa: unaegesha gari moja juu, jingine chini yake. Hesabu yake ni tofauti. Gari la chini, jumlisha unene wa jukwaa, jumlisha gari la juu, jumlisha nafasi ya kupumua juu na katikati. Sedani mbili za mita 1.45, jukwaa la sentimita 13, na sentimita 15 za nafasi kwa jumla: mita 3.18. Badala ya sedani moja weka gari dogo la michezo kama Mazda MX-5, lenye kimo cha mita 1.23 hivi, na umeshuka hadi karibu mita 2.96.

Lipi liwe juu? Kwa hesabu ya dari haijalishi, jumla ni ileile. Lakini ukiweka lile fupi juu, jukwaa linakaa juu zaidi na unapita chini yake bila kuinama sana siku gari la chini likiwa limetoka. Ukiweka lile fupi chini, jukwaa linakaa chini, na wewe utalipiga kichwa.

Kuna kitu kingine kinachoiba sentimita. Lifti haikai popote unapotaka. Inakaa kwenye makufuli, na makufuli yana nafasi kati yake, mara nyingi kama sentimita 10. Hesabu ikikwambia jukwaa likae mita 1.52 na kufuli lipo kwenye mita 1.48 na jingine mita 1.58, huwezi kukaa katikati. Muulize muuzaji vimo vya kufuli moja moja, uviandike, uone ni kipi kinachokubaliana na magari yako. Mtu anayesema "itaenea" bila kujua vimo hivyo anabahatisha.

Kwa kazi ya ufundi, nguzo nne zinaonekana kama zinadai dari kubwa zaidi, kwa kuwa gari limesimama kwenye magurudumu juu ya jukwaa badala ya kushikwa kwa chini. Ukitaka jukwaa lenyewe lipite juu ya kichwa chako, kweli, Corolla itakudai karibu mita 3.5. Ila kichwa hakikai chini ya jukwaa, kinakaa katikati ya majukwaa mawili. Weka chini ya jukwaa mita 1.50, na sehemu za jeki za gari ziko zaidi ya mita 1.80 juu ya sakafu, dari likiwa karibu lilelile la mita 3.15 tulilopata kwa nguzo mbili. Gharama yake ni kwamba kila unapoingia na kutoka unainama, na siku utakayosahau paji la uso litakukumbusha. Mafundi hufunga vipande vya sponji kwenye kingo za jukwaa. Sasa unajua kwa nini.

Udhaifu wa nguzo nne ni magurudumu: yanakanyaga jukwaa, kwa hiyo huwezi kuyatoa mpaka uwe na jeki ya kuteleza, inayopita kati ya majukwaa na kuliinua gari tena likiwa juu. Inanunuliwa peke yake. Mwenye kazi nyingi za breki aihesabu tangu mwanzo. Na kama utaegesha gari juu ya jingine, nunua sinia za kuweka kati ya majukwaa. Hakuna gari linalokiri kuvuja mpaka liwe juu ya gari safi.

Kwa dari la mita 2.4 chaguo langu ni lifti ya mkasi ya kimo cha kati, ile inayokunjuka kama mkasi chini ya gari na kuinua kama mita 1 hadi 1.2, au fremu mbili fupi za kubebeka zinazowekwa ubavuni mwa gari na kulipandisha nusu mita tu. Mkasi una ubaya wa kuziba katikati ya uvungu, kwa hiyo kushusha giaboksi juu yake ni mateso. Fremu zinaacha katikati wazi, na ukimaliza unaziegemeza ukutani. Kuna wanaosema mwenye dari la chini achimbe shimo. Shimo halidai dari, ni kweli, lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutulia palepale ulipo wewe na taa yako. Maji nayo hupajua mahali pa chini. Na gari lililo juu ya shimo bado linakanyaga matairi yake.

Sakafu, ambayo hakuna anayeipiga picha

Ukinunua lifti ya nguzo mbili, umenunua mkono wa nyenzo wenye urefu wa mita mbili unaojaribu kung'oa bolti kutoka kwenye zege. Gari halikai ndani ya nguzo, linakaa kati yake, likizivuta zielekee ndani. Na kama uzito umeegemea mbele au nyuma, linazivuta upande huo pia. Kinachokataa ni bolti za kutanuka, nne au tano au zaidi kwa kila nguzo, na zege lililozishika. Zege likiwa jembamba, bolti hutoka na kipande chake chenye umbo la koni, kama jino na fizi.

Vitabu vya lifti za ukubwa wa nyumbani huweka kima cha chini cha unene karibu na milimita 100, vingine 150, na nguvu ya zege isiyopungua megapaskali 21 hivi, yaani zege la daraja la 25 linatosha kwa lifti nyingi. Soma kitabu cha lifti yako. Namba yake ndiyo sheria. Zege jipya lipewe siku 28 kabla ya kutobolewa. Bolti zikae mbali na nyufa na kingo, kwa umbali ambao kitabu kimeutaja.

Sasa, utajuaje sakafu yako ina unene gani? Aliyeijenga atakwambia inchi sita. Usimbishie, toboa. Chukua drili ya nyundo yenye biti ndefu, toboa tundu moja dogo mahali nguzo itakapokaa, mpaka usikie biti imeanguka kwenye udongo. Ingiza waya uliopindwa ncha kama ndoano, uvute mpaka unase chini ya zege, weka alama kwa kidole usawa wa sakafu, toa, pima. Fanya hivyo kwa nguzo zote mbili, maana sakafu inayoanzia milimita 150 mlangoni inaweza kuishia 80 kwenye kona ambako zege lilikuwa limewaishia. Biti ikitoa vumbi jeupe linalobomoka kwa kidole, hilo nalo ni jibu. Na kama sakafu yako ina kebo za chuma zilizokazwa ndani ya zege, usitoboe kabisa mpaka zijulikane zinapita wapi. Kebo hizo ziko kwenye mkazo mkubwa na zikikatwa huruka.

Sakafu ikishindwa siyo mwisho. Kata mraba chini ya kila nguzo, chimba, weka nondo, mwaga zege nene kwa vipimo vya kitabu cha lifti, subiri. Vigae hubanduliwa, bolti iliyopita kwenye kigae haijashika kitu mpaka ifike kwenye zege, na kigae chenyewe kitapasuka chini ya bati la nguzo. Sakafu iliyo juu ya chumba kingine mwachie mhandisi aamue.

Nguzo nne ni mpole zaidi kwa sakafu. Uzito unashuka wima, na nyingi za kuegeshea hazifungwi hata bolti. Lakini piga hesabu: gari la tani 2 na lifti yenyewe, vyote vinakanyaga mabati manne madogo. Sakafu iliyochakaa italilia kila bati.

Uzito na vinginevyo

Lifti ya tani 4 ina mikono minne, na kila mkono una haki ya robo tu: tani 1. Gari halina adabu ya kugawa uzito sawa. Pikapu yenye mzigo, uzito wake wote tani 3.2, inaweza kuwa na tani 1.9 kwenye ekseli ya nyuma. Kila mkono wa nyuma unabeba kama kilo 950, na umebakiza kama kilo 50 tu ingawa lifti nzima inaonekana ina akiba ya kilo 800. Angalia uzito wa ekseli kwenye kibati cha gari lako. Magari ya umeme yanataka uangalifu zaidi, kwa sababu ni mazito kwa ukubwa wao na betri imejaza uvungu mzima. Mikono inashika kwenye kingo tu, mahali mtengenezaji alipoonyesha, na mkasi unaoziba katikati haufai kwa kazi ya betri.

Na usilitoe injini gari lililo kwenye nguzo mbili bila kuweka stendi ndefu nyuma. Uzito wa mbele ukiondoka, kilichokuwa kimesawazishwa hakijasawazishwa tena.

Upana husahaulika kwa sababu kila mtu anatazama juu. Lifti ya nguzo mbili hutaka kama mita 3.4 kutoka nje ya nguzo hadi nje ya nguzo, na wewe unahitaji kupita nyuma yake ukiwa na gurudumu mkononi. Kuna mikono isiyolingana, mifupi mbele na mirefu nyuma, inayolisogeza gari nyuma kidogo ili mlango ufunguke bila kugonga nguzo. Kwenye gereji nyembamba hiyo ndiyo ya kuchukua.

Kuhusu umeme, mota nyingi za nyumbani ni za kilowati 2.2 hivi na volti 220 hadi 240. Hakikisha siyo ya fezi tatu kabla ya kulipa, kisha uivutie saketi yake yenyewe. Kuhusu ubora, tafuta kibandiko: Ulaya kiwango ni EN 1493, Amerika Kaskazini ni ANSI/ALI ALCTV. Tani zilizoandikwa kwa rangi ubavuni mwa nguzo bila kiwango chochote ni maneno ya mpaka rangi.

Husimuliwa kwamba Peter Lunati, fundi wa Memphis aliyetengeneza lifti ya haidroliki ya magari mwaka 1925, alipata wazo akiwa anatazama kiti cha kinyozi. Kiti cha kinyozi kikivuja kinashuka na mteja wake taratibu, hakuna anayeumia. Ndiyo maana lifti yako ina makufuli ya chuma: pampu ni ya kupandishia, kufuli ni la kukalia. Ukiinua gari, simama likiwa sentimita 15 tu juu ya sakafu, lisukume kwa nguvu mbele na nyuma, ubavu kwa ubavu. Likicheza, shusha, panga mikono upya. Likitulia, pandisha hadi juu ya kufuli unalolitaka, sikiliza mlio wa kufuli pande zote mbili, kisha shusha mpaka uzito ukae kwenye chuma. Mlio mmoja ukikosekana, usiingie chini.

Kwenye nguzo yangu ya kushoto kuna mistari minne ya rangi, kila mmoja na jina la gari lake. Ni kimo cha mkono ambacho paa la gari hilo linabakiza sentimita 10 kufika darini. Niliipata kwa kupandisha polepole huku mtu akiwa kwenye ngazi na tepu. Wa nne niliuongeza mwezi uliopita, kwa gari lilelile la pili, sentimita 14 chini ya ule wa zamani. Tumelifunga keria.